Mdomo ukikauka na CPAP, usikimbilie kukaza mikanda

Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo vipi. Leo niko jikoni hapa Minneapolis, nje theluji imefunika magari, na nina mkononi maski yangu ya CPAP, ile mashine ya kupuliza hewa kwa sisi tunaokatika pumzi usingizini, kwa sababu WhatsApp yangu haipumziki. Nilipotoa ile video ya kukatika pumzi usingizini nilidhani mtaniuliza bei. Kumbe wengi wenu mashine mnazo, mmeletewa na ndugu walioko huku, ila zimekaa juu ya kabati. Malalamiko ni yale yale: "inanikausha mdomo", "inanipulizia machoni".

Sasa sikilizeni. Mashine hii inasukuma hewa ya kawaida, wala si oksijeni, kwa presha inayotosha kuzuia koo lisijifunge ukilala. Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na utafiti wake ulichapishwa mwaka 1981. Zile za nyumbani nyingi zinafanya kazi kati ya presha 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji. Hewa hiyo ikipata upenyo mwingine wa kutokea, presha inashuka, koo linajifunga, na wewe unakoroma na maski usoni. Hapo umevaa pambo.

Upenyo mkubwa ni mdomo. Usingizi ukikolea misuli ya taya inalegea, mtu anaachama. Kama maski yako ni ya pua tu, hewa inaingia puani, inafika kooni, inatokea mdomoni usiku kucha. Ndiyo maana unaamka ulimi umenata kwenye kaakaa. Na kuna ubaya mwingine: upepo huo unaopita njia moja unakausha pua, pua ikikauka inavimba ndani, ikivimba inaziba, ikiziba unazidi kuachama. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi tangu utoto napumulia mdomo", namuuliza kwanza kama pua inapita. Jaribu hapo ulipo. Fumba mdomo, pumua kwa pua dakika mbili tatu. Kama unashindwa ukiwa macho, usingizini utawezaje?

Basi anza na pua. Aleji, vumbi, nyama za puani, mfupa wa pua uliopinda, yote hayo ni ya daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya Muhimbili wapo, KCMC ya Moshi wapo. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kunasaidia sana, ila maji yawe yamechemshwa yakapoa. Zile dawa za kupuliza zinazozibua pua papo hapo, muwe nazo macho: ukizidisha siku chache, pua inaziba kuliko mwanzo na unabaki mtumwa wa kichupa. Za steroidi, zile za kutuliza uvimbe, ni habari nyingine, hizo daktari anaweza kukuandikia za muda mrefu.

Halafu lile tangi dogo la maji ubavuni mwa mashine. Wengine mmeniambia mmeliacha tupu kwa sababu Dar kuna joto na unyevu upo. Hewa ya mashine inapita kwa kasi, inakausha hata ukiwa Pangani. Huku wakati wa baridi, hita zikiwaka nyumba nzima, bila tangi silali. Maji yanayotakiwa ni yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi. Maji ya kisima ukiyachemsha unaua vijidudu lakini chumvi inabaki, inaganda nyeupe chini ya tangi. Na tafadhali, msitie maji ya betri ya sheli. Mengine yale ni asidi, jamani! Kila asubuhi mwaga yaliyobaki, osha, anika.

Haya, maski yenyewe. Mtu akisikia fyuuu kwenye jicho, anavuta mikanda mpaka anaamka na michirizi mashavuni kama aliyelalia mkeka. Inazidi kuvuja! Ule mpira laini unaogusa uso umetengenezwa ujae hewa kidogo ndipo uzibe. Ukiubana sana unakunjika, na kila kunjo ni mlango. Lala kabisa, kwa ubavu unaolalia siku zote, washa mashine, ivute maski kidogo mbele iachie uso, iache ijikalie, ndipo urekebishe mikanda taratibu. Usiivae umekaa kitandani halafu ukalala, maana uso unabadilika ukilala. Nawa uso kwanza. Mafuta ya kujipaka yanateleza na yanaharibu ule mpira. Wenye ndevu, mnajua wenyewe.

Kitu kimoja msikiguse: vile vitundu vidogo mbele ya maski. Vinapuliza makusudi, ndipo hewa uliyoitoa inapotokea. Kuna mama aliviziba kwa plasta eti maski inavuja. Mwiko!

Sasa plasta ya kuziba mdomo ukilala, ile mnayoiona TikTok. Mimi siipendi, na kwa huko nyumbani Tanzania siipendi zaidi. Umeme ukikatika usiku, mashine inazima. Pua ina maski, mdomo una gundi, hewa unayoitoa inabaki kwenye bomba unaivuta tena. Mkanda wa kidevu ni afadhali kidogo, lakini mvuto wake uwe wa kwenda juu. Ukirudisha taya nyuma unalibana koo lile lile unalotaka lifunguke.

Kama pua imetibiwa na bado unaachama, hapo chukua maski kubwa ya pua na mdomo. Hiyo ina vali ya usalama inayofunguka mashine ikizima, ukapata hewa ya chumbani. Ukiletewa iliyotumika, hakikisha vali ipo na haijagandana. Sitawaficha, eneo lake ni kubwa kwa hiyo sehemu za kuvuja ni nyingi, na wakati mwingine inahitaji presha zaidi. Presha hiyo aipange daktari. Msiingie kwenye menyu ya wataalamu kwa maelekezo ya YouTube, hata yangu.

Asubuhi mashine nyingi zinaonyesha ulivuja kiasi gani. Za kampuni ya ResMed, mpaka ni lita 24 kwa dakika. Ukizidi hapo kwa muda mrefu usiku, kuna kazi ya kufanya. Na mnaotumiwa mashine za Philips za zamani, angalieni namba yake kwanza: Juni 2021 kampuni iliziita zirudishwe kwa mamilioni kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa inamomonyoka.

Mmeniuliza pia kuhusu neti. Bomba lipitisheni juu, upande wa kichwani, neti ichomekwe kulizunguka, lisivute maski mkijigeuza. Mambo ya betri na inveta yanataka video yake, nitaitengeneza Jumamosi. Kwaherini.