Msibandue Stempu: Posta ya Zanzibar Kabla ya 1895

Assalaam alaykum. Mliokwisha kunisikia mnajua ugomvi wangu ni bahasha. Vumilieni.

Posta ilifunguliwa Unguja mwaka 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikafunguliwa tena 1875 na safari hii ikadumu. Lakini haikuwa ya Sultani. Ilikuwa Posta ya India. Stempu ni zile zile za Bombay, kichwa cha Malkia Victoria, bei kwa anna, sarafu ya India, na neno Zanzibar halimo. Sasa utajuaje kama barua imetoka hapa? Muhuri! Na muhuri wenyewe aghalabu nusu umeangukia stempu, nusu umeangukia karatasi.

Basi akanijia kijana, karithi kasha la barua za biashara za babu yake. Kaziloweka zote kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, stempu zikabanduka, kazipanga albamuni, zinapendeza. Bahasha je? "Tuliwashia jiko, mzee." Nikamwambia: mwanangu, ulichobaki nacho ni stempu za India, Bombay zimejaa tele. Historia ya Unguja mmeichemshia chai.

Najua yupo atakayesema barua zilikuwepo kabla, majahazi yalizipeleka kwa kusi na kuleta majibu kwa kaskazi. Sikatai. Ila huko ni kumwomba nahodha mnayejuana. Posta ni kumlipa mtu usiyemjua, na barua ikipotea una mlango wa kwenda kugonga.

Novemba 1895 ndipo Zanzibar ilipochukua posta yake. Stempu mpya hazikuwepo, wakazichukua za India wakazipiga chapa juu yake: Zanzibar. Mpanga herufi akateleza, nyingine zikatoka "Zanzidar". Leo kosa lile lina thamani kuliko iliyo sahihi, na kwa hiyo waghushi hawalali. Mwaka 1896 zikaja za picha ya Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini, ambaye Agosti ya mwaka huo huo alifariki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka: Wafaransa walikuwa na posta yao hapa hapa mjini kuanzia 1889 hadi 1904, na Wajerumani nao 1890 hadi 1891, kwa hiyo palikuwa na kipindi cha posta tatu katika mji mmoja. Bagamoyo na Dar es Salaam, na stempu za Kijerumani zilizopigwa chapa ya bei kwa "pesa", sarafu ya huko, sitaziwahi leo. Maswali karibuni, ila asiniulize mtu bei ya Zanzidar yake.