Kitufe cha kuchapa kwenye upau wa Xfce: buruta faili, achia, karatasi itoke

Jambo wapendwa, karibuni. Leo tuko Bukavu, kwenye sekretaria, yaani duka la kuchapa, karibu na chuo cha ualimu cha ISP, na wanafunzi wamepanga mstari na flashi mkononi. Kufungua kila faili, kwenda kwenye menyu, kuchagua printa, kuthibitisha… mstari hautaisha. Kompyuta hii inatumia Xubuntu, aina ya Linux yenye mazingira ya Xfce, kwa hiyo tutaweka kitufe kwenye upau, ule mstari wa vitufe ukingoni mwa skrini: unaburuta faili na kuiachia juu yake, basi.

Kwanza tujue jina la printa. Fungua teminali, andika:

lpstat -p -d

Printa zote zitatajwa, pamoja na ile ya kawaida. Yangu inaitwa Duka. Andika jina la printa yako kama lilivyo, herufi kubwa na ndogo zikiwa mahali pake.

Sasa bofya kulia mahali patupu kwenye upau na uongeze kipengee kipya. Kompyuta yenye Kifaransa, kama nyingi za hapa kwetu, itakuonyesha neno Lanceur: chagua hilo. Bofya kulia kitufe kilichotokea, ingia Propriétés, ongeza kipengee kitupu, kipe jina na picha ya printa. Kwenye nafasi ya amri andika:

lp -d Duka -o media=A4 -o sides=one-sided %F

Angalia hapo mwishoni. Ile %F ndiyo inayobeba faili ulizoachia, hata zikiwa tano kwa mara moja. Ukiisahau, amri haipati faili yoyote.

Hifadhi, fungua Thunar, programu ya kutazama faili, chukua PDF, iburute mpaka kwenye kitufe, achia. Sikilizeni… printa imeamka.

Hicho ni cha TFC, yaani kazi ya mwisho ya masomo, na barua, upande mmoja tu. Kwa silabi, yaani maandishi ya somo zima, tengeneza kitufe cha pili, na hapa ndipo mteja anaokoa pesa yake:

lp -d Duka -o media=A4 -o number-up=2 -o sides=two-sided-short-edge %F

Kurasa mbili kila upande, pande zote mbili: silabi ya kurasa 120 inatoka kwa karatasi 30. Mbona short-edge? Kwa sababu kurasa mbili zikikaa pamoja, karatasi inasomwa ikiwa imelala. Ukiweka long-edge, nyuma itakuja kichwa chini. Bado, jaribu na kurasa nane kwanza, maana printa nazo zina vichwa vyao. Na hii inataka printa inayogeuza karatasi yenyewe.

Picha na PDF zinapita bila shida. Faili ya Word, hapana: amri ya lp haiielewi. Kitufe chake kinapitia LibreOffice, programu inayofungua faili za Word:

libreoffice --pt Duka %F

Mimi naona heri mwanafunzi alete PDF. Faili iliyoandikwa kwenye kompyuta nyingine mara nyingi inafika na fonti tofauti, meza zimesogea, halafu ugomvi unakuwa wako wewe mwenye duka.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na utakatika, foleni haipotei. Umeme ukirudi, mashine inaweza kuendelea kutoa karatasi za mtu aliyekwisha kwenda zake nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kuwasha printa, tazama kinachongoja:

lpstat -o

Kila kazi ina namba, mfano Duka-48. Kufuta moja, andika cancel Duka-48. Kufuta zote:

cancel -a Duka

Printa ikiwa imewaka, ina karatasi, na bado haitoi kitu, huenda mfumo umeisimamisha baada ya hitilafu. Iamshe hivi, na kazi zinazongoja kwenye foleni zitatoka zenyewe:

sudo cupsenable Duka