Pesa ya Siku, Mchango wa Mwaka: SHA na Mama Samaki

ZAINABU: Hamjambo wasikilizaji, na karibuni. Leo ni SHA, ile Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya Kenya. Ndiyo, tena. Lakini leo hatupigi kelele za mitambo kukwama wala za mahakamani.

KATANA: Za mahakamani tuzitaje tu, mtu asiseme tumesahau. Julai 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria zilizoiunda SHA, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi, na Oktoba mosi NHIF, bima ya taifa iliyokuwepo tangu 1966, ikaondoka, SHA ikachukua nafasi yake. Basi, endelea dada.

ZAINABU: Asante. Mimi nataka tumzungumzie mama anayeuza samaki sokoni Kongowea, Mombasa. Hana mwajiri, hana payslip, yaani hati ya mshahara. Huyu mchango wake unakatwa wapi?

KATANA: Haukatwi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla hajauona, hana la kusema. Na hapo sheria ilifanya haki. Zamani mwenye mshahara wa 100,000 alilipa 1,700, na mwenye mshahara wa milioni moja alilipa 1,700 hiyo hiyo. Sasa wa 100,000 analipa 2,750, na wa milioni anakwenda kwa asilimia hiyo hiyo. Wa 20,000 naye ameshuka kutoka 750 hadi 550.

ZAINABU: Hapo sikupingi. Tumrudie mama samaki.

KATANA: Yeye anapiga *147#, anajisajili, halafu anaulizwa maswali. Nyumba imejengwa kwa nini, choo ni cha aina gani, maji mnatoa wapi, mna vitu gani ndani, mko wangapi. Majibu yanaingia kwenye mtambo, mtambo unakisia mapato, kisha unamwambia alipe kiasi gani. Cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi.

ZAINABU: Unakisia! Neno ndilo hilo. Mabati ya nyumba yake mumewe aliezeka miaka kumi na tano iliyopita, alipokuwa na kazi bandarini. Mtambo unayaona mabati, hauoni kwamba kazi iliisha. Na huku kwetu Pwani mwenye makuti anaweza kuwa maskini wa Ganze au mwenye hoteli Watamu.

KATANA: (anacheka) Mwenye hoteli sidhani anapiga *147# akijifanya hohehahe. Lakini niitetee kidogo, Zainabu. Kama mtu hana risiti wala hati ya mshahara, serikali itajuaje mapato yake? Ikimuuliza tu, kila mtu atasema hana kitu. Na kumtoza kila mtu sawa ndiyo ile NHIF, 500 kwa mchuuzi na 500 kwa wakili aliyejiajiri.

ZAINABU: Sawa, kisio na liwe. Mimi linalonikera zaidi ni mwaka. Huyu mama halipi 300 kila mwezi. Kanuni inataka asiye na mshahara alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo wa chini kabisa ni 3,600 mara moja. Tuseme mtambo umemkisia 600, hiyo ni 7,200.

KATANA: Na 7,200 kwake ni mtaji.

ZAINABU: Ni mtaji! Alfajiri ananunua samaki, jioni amemaliza, anarudisha Fuliza, ule mkopo wa simu, ananunua unga, kinachobaki ndicho cha kesho alfajiri. Akizitoa hizo leo, kesho hana biashara. Wanaosema watu wa jua kali, wenye vibiashara visivyo rasmi, hawataki kulipa wananiudhi. Watu hawa wanalipa chama, kikundi chao cha akiba, kila wiki, hawakosi.

KATANA: Sasa sikiliza kinachofuata, maana wengi hawakiangalii. Mama hajalipa. Zahanati na kituo cha afya anatibiwa bila kulipa, kuna hazina ya afya ya msingi inayobeba huko. Siku mtoto analazwa hospitali ya Level 4, ngazi ya juu ya hapo, ndipo jamaa wanachangishana kwenye WhatsApp, mwaka unalipwa pale pale. Mwaka ukiisha na hakuna mgonjwa, hakuna anayelipa tena.

ZAINABU: Yaani wanaoingia ni wale ambao tayari wanaugua.

KATANA: Naam. Waliojisajili ni zaidi ya milioni 20, lakini waliojiajiri wanaoendelea kuchangia ni wachache mno. Mfuko unabaki mabegani mwa wenye payslip. Hospitali zinalalamika madai yamechelewa kulipwa, zingine zinamwambia mgonjwa atoe pesa taslimu, na jirani akisikia hivyo, naye anasema kwa nini nilipe?

ZAINABU: Si wameleta Lipa SHA Pole Pole?

KATANA: Ni mkopo ule. Mwaka unalipwa mzima, wewe unarudisha kidogo kidogo.

ZAINABU: Kwa hiyo tumemkopesha bima mtu ambaye tayari anadaiwa na simu yake. Jamani!

KATANA: Ni nafuu kuliko kutokuwa na chochote. Ila mimi nawatazama Ghana. Tangu sheria yao ya 2003, sehemu kubwa ya mfuko inatoka kwenye ushuru wa asilimia 2.5 unaotozwa kwenye bidhaa. Mtu ananunua, anachangia bila kuombwa. Ada ndogo bado ipo, lakini mfuko hausimami juu ya ada hiyo.

ZAINABU: Ushuru mwingine, Kenya hii? Baada ya maandamano ya kupinga kodi ya Juni 2024? Nenda kautangaze wewe.

KATANA: (anacheka) Mimi ni wa podikasti tu.

ZAINABU: Afadhali Rwanda. Kule mchango ni wa mwaka vilevile, lakini watu wanaukusanya kwenye ibimina, vyama vyao vya akiba, wiki kwa wiki, hadi ukatimia. Na maskini kabisa serikali inawalipia. Sisi vyama tunavyo kila mtaa. Nani amewahi kwenda kukaa na wenyeviti wa vyama vya Kongowea kabla ya kuandika kanuni?

KATANA: Maskini kabisa hata hapa wameanza kulipiwa, zaidi ya milioni mbili walitangazwa 2025.

ZAINABU: Ndiyo, na mama samaki hayumo. Ana mabati. Mabati yale yale yanamtoa kwenye orodha ya kulipiwa, na yanampandishia mchango. Nataka mtu wa SHA aje hapa studio anieleze hilo.

KATANA: Tumemwalika?

ZAINABU: Barua imeshakwenda. Kiti kile pale, kitupu.