Jennie Lee: mwalimu aliyefungua chuo kikuu kisichouliza cheti

Walimu tarajali, wakufunzi, na nyinyi wazazi mliokubali kuitoa Jumamosi yenu, hamjambo. Wakubwa zangu, shikamooni.

Niliposema nitazungumzia mwalimu aliyeingia kwenye siasa, najua wengi mlitegemea Mwalimu Nyerere. Sitamkwepa. Mwaka 1949 Nyerere alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akahitimu 1952, akarudi kufundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha chaki. Alikuwa akisema kwamba yeye ni mwalimu kwa kuchagua na mwanasiasa kwa bahati tu. Sasa, miaka zaidi ya ishirini kabla yake, katika chuo kile kile cha Edinburgh, alipita binti mmoja ambaye habari yake ni kinyume kabisa: siasa aliichagua tangu utotoni, ualimu aliuingia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Huyo ni Jennie Lee, na ndiye niliyemjia leo.

Alizaliwa Novemba 1904 Lochgelly, mji wa wachimba makaa ya mawe katika mkoa wa Fife. Mji huo una sifa nyingine ambayo sisi walimu lazima tuisikie. Hapo ndipo palipotengenezwa mkanda wa ngozi uliotumika kuadhibu watoto karibu Scotland nzima. Ni kipande cha ngozi nene, kinene kuliko mkanda wa suruali, ncha yake imepasuliwa mikia miwili au mitatu. Mtoto ananyoosha kiganja, mwalimu anachapa. Walimu waliuita kwa jina la mji wenyewe: Lochgelly. Kwa hiyo mtoto wa Scotland aliyekuwa hajawahi kufika huko aliujua mji huo kwa maumivu ya mkono.

Babu yake alikuwa kiongozi wa chama cha wachimba migodi. Baba yake, James, alishuka mgodini na jioni akirudi alikuwa mtu wa vitabu na mikutano ya kisoshalisti. Kwa muda wazazi waliendesha hoteli ndogo Cowdenbeath iliyokuwa na ukumbi wa michezo ya kuigiza, kisha baba akarudi chini ya ardhi. Shikeni hilo la ukumbi, litarudi.

Jennie alikuwa na akili darasani. Ada ya chuo ilitoka kwa mfuko wa hisani wa Carnegie na kwa ruzuku ya elimu ya mkoa, nyumbani wakajibana. Akasoma sanaa, sheria na ualimu. Lakini mtoto wa mchimba makaa mwenye shahada ya sheria, asiye na mtaji wala jamaa mjini, angeanzia wapi? Kazi iliyokuwa wazi ilikuwa darasani. Na mwaka aliohitimu ulikuwa 1926. Mwaka huo wenye migodi waliwafungia nje wachimbaji waliokataa kulipwa kidogo zaidi na kufanya kazi saa nyingi zaidi. Mgomo wa nchi nzima ulikwisha baada ya siku tisa. Wachimbaji walibaki peke yao kwa miezi, mpaka njaa ikawarudisha kazini. Waliojulikana kuwa viongozi wa chama walirudi wakakuta nafasi zao hazipo.

Hao ndio wazazi wa watoto aliokabidhiwa Jennie katika shule ya Glencraig, karibu na kwao. Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuipenda kazi ile. Mchana alifundisha, jioni na mwisho wa wiki alikuwa jukwaani akihutubia. Nawaambieni hili kwa makusudi, kwa sababu humu ndani wamo wenzangu mlioletwa hapa na alama za mtihani, si kwa wito. Msione haya. Kuna mtu anaweza asiipende filimbi ya asubuhi wala andalio la somo, na bado asisahau sura ya mtoto hata mmoja aliyeketi mbele yake.

Machi 1929 ukafanyika uchaguzi mdogo jimbo la North Lanark. Jennie akasimama kwa Labour, chama cha wafanyakazi cha Uingereza, akashinda kwa kura 6,578 zaidi ya mpinzani wake mhafidhina. Alikuwa na miaka 24. Hebu fikirini: sheria ya kuwapa wanawake kura sawa na wanaume ilikuwa imepitishwa 1928, lakini daftari jipya lilikuwa bado halijaanza kutumika, na kwa daftari la zamani mwanamke chini ya miaka 30 hakuwa mpiga kura. Yaani mbunge mwenyewe hakuwa na haki ya kumpigia mtu kura! Hotuba yake ya kwanza bungeni aliishambulia bajeti ya Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa fedha, na baadaye Churchill mwenyewe akamfuata kumpongeza.

Kiti hicho alikipoteza 1931. Akafuata kundi lililojitenga na Labour, na kwa hilo alikaa nje ya Bunge hadi 1945, aliporudi kwa jimbo la Cannock. Mwaka 1934 aliolewa na Aneurin Bevan, mchimba makaa wa Wales aliyekuja kuwa waziri wa afya na kuanzisha huduma ya matibabu bila malipo Julai 1948. Kwa miaka mingi Jennie alijiweka nyuma ya mumewe. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na pia kwa kuwa aliamini shida za wanawake zitakwisha zenyewe usoshalisti ukifika. Mimi naona lawama hiyo ya pili ina ukweli. Bevan alifariki Julai 1960, na Jennie akazama katika huzuni nzito.

Aliyemtoa humo ni Harold Wilson. Waziri Mkuu huyo alimpa mwaka 1964 dhamana ya sanaa, waziri wa kwanza Uingereza kupewa kazi hiyo. Sitakaa sana hapo: ruzuku ya sanaa ilikua mara kadhaa, na fedha zikaanza kwenda nje ya London. Nimewaambia mkumbuke ukumbi wa Cowdenbeath.

Kubwa lake ni jingine. Wilson alikuwa ametangaza Glasgow, 1963, wazo la chuo kikuu cha hewani, watu wasome kwa redio na televisheni. Wengi walilichukua kama neno la kampeni. Mwaka 1965 akamkabidhi Jennie. Maofisa wa elimu hawakulitaka, hazina haikulitaka, vyuo vikuu vilivyokuwepo viliona mzaha, na mhafidhina mmoja mkubwa, Iain Macleod, aliliita upuuzi mtupu. Hata waziri mwenyewe wa elimu, bosi wake, hakuwa na hamu nalo. Jennie akaunda kamati na kuiongoza yeye mwenyewe, jambo ambalo mawaziri hawalifanyi kwa kawaida, na mwaka uliofuata waraka wa serikali ukatoka.

Kulikuwa na watu wema waliomshauri aanze kidogo: kozi za jioni, vyeti, labda stashahada kwa watu wazima. Alikataa katakata. Alidai mambo mawili, na mtu akiyaweka pamoja anaona kama yanagombana. La kwanza, mtu asiulizwe cheti mlangoni. La pili, shahada atakayotoka nayo iwe shahada kamili, ya kiwango kile kile cha chuo kikuu kingine chochote, si shahada ya huruma. Alijua kwamba kitu cha maskini kikifanywa hafifu, maskini ndiye atakayechekwa nacho.

Hapo nisimame kidogo na yangu. Mimi nilianza na cheti cha daraja la tatu A. Shahada nimeipata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kile kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992, nikisoma usiku kwa karabai baada ya kusahihisha madaftari. Siku niliyopeleka nakala ofisini ili nipandishwe daraja, ofisa mmoja aliigeuza mbele na nyuma akaniuliza, “Hii ni digrii ya kweli, mama, au ni ile ya nyumbani?” Sikumjibu. Lakini niliposoma habari za Jennie Lee miaka mingi baadaye, nikaelewa kwamba kuna mtu alikuwa ameliona swali lile likija, na alipigana nalo kabla sijajua kusoma.

Chuo chake, Open University, yaani Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilipata hati ya Malkia ya kuanzishwa mwaka 1969. Gharama zilizokadiriwa mwanzo zilikuja kuonekana ndogo mno kuliko gharama halisi, na naamini zingejulikana mapema, chuo kisingezaliwa. Januari 1971 wanafunzi wapatao 24,000 walianza masomo. Na walikuwa akina nani? Kundi kubwa lilikuwa walimu! Watu wa vyeti, wa shule za msingi, waliokuwa wakifundisha miaka yote bila shahada. Vitabu vilifika kwa posta, vipindi vilirushwa BBC, majira ya joto walikutana vyuoni. Wa sayansi walitumiwa maabara ndani ya sanduku, na humo mlikuwa na hadubini ndogo ya plastiki, ya kushikika kwa mkono mmoja. Mtu anatoa sahani mezani, anafuta makombo, anaweka jicho. Watoto wamelala chumba cha pili, yeye anaangalia seli.

Jennie hakuwa tena serikalini kuyaona hayo. Juni 1970 alishindwa Cannock, Labour ikaondoka madarakani, na hofu ikawa kwamba serikali mpya ingekifuta chuo. Waziri mpya wa elimu, Margaret Thatcher, alikiacha kiishi. Nasema hili kwa haki yake. Jennie akaingia Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge, kama Baroness Lee wa Asheridge, jina la shamba alilokaa na Bevan, na Novemba 1988 akafariki, akiwa na miaka 84. Nyaraka zake zinatunzwa Milton Keynes, makao makuu ya chuo alichokipigania.

Muda wangu nimeutumia. Yule mwalimu wa karibu na dirisha ameinua mkono tangu niliposema habari ya mkanda wa ngozi. Karibu mwanangu, anza wewe.