Harold Wagstaff na nafasi iliyo wazi

Ndugu mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wengi wetu tukisikia neno raga tunafikiria timu ya watu 15, au ile ya wachezaji saba ambayo majirani zetu na sisi tumezoea kuishangilia. Jioni hii nitazungumzia ile ya watu 13, yaani raga ya ligi, na nitaipitia kwa maisha ya mtu mmoja, Harold Wagstaff, aliyezaliwa mwaka 1891 huko Holmfirth, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza.

Mchezo huo ulizaliwa na ugomvi wa ujira. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na vibarua wa viwandani. Aliyeacha zamu yake Jumamosi ili acheze alirudi nyumbani bila malipo ya siku, na viongozi wa raga walikataa katakata afidiwe hata hicho alichokipoteza. Ndipo Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vikakutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, vikajitenga na kuunda chama chao, Northern Union. Mwaka 1906 chama hicho kiliwaondoa wachezaji wawili katika kila timu, kutoka 15 hadi 13, ili uwanja upate nafasi, mpira ukimbie, na mtazamaji aliyetoa kiingilio aone kitu cha kumrudisha wiki inayofuata.

Novemba ya mwaka huohuo Wagstaff, akiwa na miaka 15, aliichezea Huddersfield kwa mara ya kwanza, baada ya kusajiliwa kwa sarafu tano za dhahabu. Kwa hiyo hakuwa na mazoea ya zamani ya kuyasahau: yeye na ile nafasi mpya uwanjani walianza pamoja. Alicheza senta, na kazi ya senta, kwa maneno mepesi, ni kumkimbilia mkabaji hadi mkabaji aamini kwamba ndiye atakayebeba mpira, kisha kuuachia nukta ya mwisho, ili mwenzake apite palipoachwa wazi. Alifika timu ya taifa akiwa na miaka 17. Chini ya unahodha wake Huddersfield ilicheza kwa mtindo huo kiasi kwamba msimu wa 1913–14 winga wake, Albert Rosenfeld kutoka Australia, alifunga trai 80, yaani mara 80 aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa.

Hata hivyo, siku iliyomfanya akumbukwe ilikuwa siku ambayo nafasi ilimgeukia. Mwaka 1914 aliongoza kikosi cha Uingereza kwenda Australia. Wenyeji waliamua mechi ya tatu ichezwe mapema kuliko ilivyopangwa, majeruhi wa Uingereza wakiwa wengi. Meneja John Clifford alipinga, lakini simu ya maandishi kutoka nyumbani ikaamuru wacheze. Hivyo tarehe 4 Julai, mjini Sydney, ikawa mechi ya tatu ya kimataifa katika siku nane. Mchezaji wa akiba hakuruhusiwa kuingia siku hizo. Winga Frank Williams aliumia mguu. Douglas Clark, mwanamieleka wa Cumberland, alivunjika kidole gumba akafungwa bendeji na kuendelea, hadi mtulinga nao ulipoumia akatoka akilia. Billy Hall naye akapoteza fahamu. Wakabaki kumi dhidi ya 13.

Mtu aliyeishi kwa kutafuta upenyo sasa alikuwa akiziba pengo moja na kuacha jingine. Lakini hata hapo hakuacha kushambulia: alipenya, akampasia Chick Johnson, mtu wa safu ya mbele aliyesukumiwa pembeni kwa kukosekana winga, na Johnson, badala ya kukimbia na mpira mkononi, akauangusha na kuusukuma kwa miguu kama mchezaji wa kandanda, umbali mrefu, hadi akafunga. Uingereza ilishinda 14–6.

Magazeti yaliilinganisha mechi hiyo na Rorke's Drift, mahali huko Afrika Kusini ambapo mwaka 1879 askari wachache wa Kiingereza waliwazuia wapiganaji wa Kizulu. Jina hilo limeganda hadi leo. Mimi kama Mwafrika nalitaja kwa uzito kidogo, kwa sababu waliozungumziwa kama wimbi la kuzuiwa walikuwa wenye nchi.

Wiki chache baadaye vita kuu vikaanza. Huddersfield walimaliza msimu wa 1914–15 wakiwa wametwaa vikombe vyote vinne vilivyowezekana, na fainali ya kombe la shindano (Challenge Cup) waliifunga St Helens 37–3. Kisha mashindano makubwa yakasimamishwa, na Wagstaff akavaa sare ya jeshi. Miaka yake ya 24 hadi 27, ambayo kwa senta ndiyo miaka ya utamu wenyewe, ilikwenda huko. Mwaka 1920 alirudi Australia akiwa nahodha tena, na safari hii wenyeji wakashinda mechi mbili kati ya tatu. Alistaafu katikati ya miaka ya 1920, akafariki Julai 1939, akiwa na miaka 48.