Kutenganisha pirethrini za pareto bila silika: mhadhara kwa wanamaabara, Mbeya

Habari za asubuhi, na karibuni.

Ua la pareto kutoka miinuko ya Mbeya, Njombe na Iringa, likishakauka, lina takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya pirethrini, ile sumu ya wadudu tunayoitafuta. Nazo si kitu kimoja. Ziko sita, makundi mawili: pirethrini I, sinerini I na jasmolini I upande mmoja, na wenzao wa namba II upande wa pili. Kundi la II linapenda viyeyushi vyenye asili ya maji kuliko la I. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mtaji wetu wote leo.

Mliozoea safu ya silika, lile bomba la unga wa silika linalotenganisha vitu, mnajua karaha yake: nta na rangi za ua hung'ang'ania juu, sehemu ya sampuli haitoki tena, na mwishoni silika yenyewe inatupwa. Mashine tunayoizungumzia, CPC (kwa Kiingereza centrifugal partition chromatography), hutenganisha vitu kwa vimiminika viwili visivyochanganyika, na haina kigumu chochote ndani. Ina rota yenye mamia ya vijumba vidogo vilivyounganishwa kwa mifereji myembamba. Vijumba hujazwa kimiminika kimoja, yaani tabaka tulivu, kingine, tabaka tembezi, kinapita katikati yake, na mzunguko ndio unaozuia cha kwanza kisifagiwe nje. Wajapani wa kampuni ya Sanki ndio walioileta, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Sasa, wengi hukimbilia mashine. Msikimbilie. Kazi inaamuliwa mezani, kwenye kichupa cha mililita 4. Changanya heptani na asetonitrili kwa ujazo sawa, tikisa, acha vitulie: heptani juu, asetonitrili chini. Chukua mililita 1 ya kila tabaka, weka kama miligramu 2 za dondoo la pareto, tikisa vizuri. Kabla ya lolote, angalia saa: matabaka yasipoachana ndani ya nusu dakika, rotani hayataachana vizuri pia. Kisha chota kiasi sawa juu na chini, kausha, yeyusha kwa methanoli, pima kwa HPLC, mashine inayochora kilele kwa kila kitu kilichomo. Gawanya eneo la kilele cha tabaka tulivu kwa lile la tabaka tembezi. Hiyo ndiyo K, namba inayoonyesha kitu kinavyojigawa kati ya matabaka mawili.

Tunataka K kati ya 0.5 na 2. Chini ya hapo vitu vinatoka pamoja mwanzoni. Juu ya hapo mtakesha. K ikiwa ndogo mno huku heptani ikiwa tabaka tulivu, ongeza maji kidogo sana kwenye asetonitrili, asilimia 1 au 2, pirethrini zitasukumwa kuelekea heptani. Tikiseni tena, pimeni tena.

Hesabu ni hii. Chukulia rota ya mililita 250, na asilimia 70 ya ujazo huo imeshikwa na tabaka tulivu: mililita 175 tulivu, 75 tembezi. Kitu hutoka kwenye ujazo wa tembezi ukijumlisha K mara ujazo wa tulivu. K ya 0.5 inatoka kwenye mililita 162.5, K ya 2 kwenye 425. Na K ya 1? Mililita 250 kamili, hata kama rota imeshika vibaya. Ndiyo maana kitu chenye K ya 1 ni kipimo kizuri cha kujua kama mashine inadanganya.

Tuiwashe. Tengenezeni lita 2 za mchanganyiko kwenye faneli ya kutenganishia, ziachwe zilingane, ndipo matabaka yatengwe na hewa itolewe. Jaza rota kwa heptani huku ikizunguka polepole, kama mizunguko 500 kwa dakika, mpaka umepitisha ujazo mmoja na nusu wa rota. Panda hadi 1,600. Geuza valvu kwenye mwelekeo wa kushuka, kwa sababu kimiminika kizito ndicho kinachotembea, na ingiza asetonitrili kwa mililita 8 kwa dakika. Weka silinda ya kupimia kwenye mdomo wa kutokea na usiondoke. Mwanzo inajaa heptani tupu. Halafu utaona matone yanapenya heptani na kuzama, yanajikusanya chini kama shanga. Soma hapo hapo: heptani ikiwa mililita 75, asilimia 70 imebaki ndani. Ukikosea mwelekeo, silinda itaendelea kujaa heptani hadi rota iwe tupu, na presha itakuwa ya chini kwa namna ya kufurahisha. Msifurahi.

Sampuli: gramu 1 kwenye mililita 10 za matabaka yote mawili nusu kwa nusu, ichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.45. Hapa pareto ina ukorofi wake, nta. Igandishe kwanza kwenye friji usiku kucha na uichuje, la sivyo itaganda ndani ya mifereji. Presha ikipanda taratibu kila baada ya sampuli, shuku nta kabla ya kushuku pampu. Presha ikishuka ghafla, tazama sili za rota kama zinadondosha.

Taa ya kipimia mwanga, kinachoona vitu vikitoka, iwe nanomita 225. Heptani na asetonitrili zinapitisha mwanga huo. Ethili asetati, ambayo wengi huipenda, huuziba chini ya nanomita 256 hivi. Kundi la II litatangulia, la I litafuata. Kama la I lina K kubwa, usilisubiri: badilisha kimiminika, sukuma heptani mpya, kilichomo ndani kitatoka kwa mpangilio wake, nta zilizobaki zikiwa mkiani. Msitegemee kutenganisha zote sita. Ndani ya kundi moja K zinakaribiana mno. Hapo HPLC inamalizia.

Mambo mawili ya huku kwetu. Juni na Julai, matabaka yaliyolingana mchana kwenye nyuzi 22 yakilala kwenye chumba cha nyuzi 10, asubuhi yana ukungu, na heptani huanza kuvuja wakati wa kazi. Yalinganisheni upya siku hiyo hiyo, chumba kikiwa na joto la kazi. La pili, umeme. Watu huweka pampu kwenye betri ya akiba na rota wanaiacha kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukikatika, rota inasimama, pampu inaendelea, na ndani ya dakika chache tabaka tulivu liko kwenye ndoo. Vyote viwili viwe kwenye soketi moja: vife pamoja.

Vipande vya kilele viwekwe kwenye chupa za kahawia na vikaushwe chini ya nyuzi 40, maana mwanga na joto huharibu pirethrini haraka. Rota isafishwe kwa isopropanoli, na iachwe nayo ndani hadi siku nyingine.