Polpette za Kiitaliano: Tunapika Huku Tunapima

Haya, karibuni jikoni. Leo ni polpette, yale mabonge ya nyama ya Kiitaliano, na mizani ikae karibu, maana tunataka kujua kila bonge lina nini ndani.

Bakuli juu ya mizani, rudisha sifuri, nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 500. Muulize muuza nyama ina mafuta asilimia ngapi. Usione haya, hesabu yote imelala hapo. Yenye asilimia 20 ina kalori kama 254 kwa gramu 100. Ya asilimia 10 ina 176.

Mkate mweupe uliolala, gramu 80 bila ganda, loweka kwenye mililita 100 za maziwa dakika kumi. Wapo wanaodhani mkate ni wa kuongeza wingi tu. Hapana, unashika maji ya nyama yasikimbie, bonge likabaki laini. Ponda kwa uma mpaka uwe uji mzito. Mpaka uwe uji! Tonge kavu likibaki, bonge linapasukia kwenye sosi. Sogeza kamera hapa… mnaliona hili? Bado gumu. Linapondwa tena.

Yai moja, kitunguu saumu, kungumanga kidogo, chumvi gramu 5, Parmigiano Reggiano gramu 50. Jibini hilo peke yake linaleta protini gramu 16 hivi na kalsiamu zaidi ya miligramu 500, kwa hiyo mimi silipunguzi. Chumvi ndiyo usizidishe, kwa kuwa jibini na mkate vina yake.

Changanya kwa vidole, dakika moja basi. Ukikanda kama unga wa chapati, nyama inashikamana na kuwa ngumu.

Lowesha mikono, viringa. Gramu 30 kila moja, yatoke 26. Pima mabichi! Nyama hupoteza maji motoni. Ukipima iliyoiva kisha ukatumia hesabu ya mbichi, utaandika kalori pungufu. Narudia: pima kabla ya moto.

Friji, dakika 30. Hapo usiruke, yakiingia motoni bado laini yanafumuka.

Sosi ya nyanya ichemke polepole, tumbukiza, funika, dakika 25. Sikaangi kwanza, kijiko kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120. Dakika kumi za mwanzo mwiko usiguse, tikisa sufuria tu. Subiri, mvuke umeziba lenzi… sawa. Ukiwa na kipimajoto, katikati pafike nyuzi 71.

Mabonge matano sasa, bila sosi. Kwa nyama ya asilimia 20: kalori 350, protini gramu 23, mafuta 24. Kwa ya asilimia 10: kalori 275, protini 25, mafuta 14 na nusu. Chumvi ni gramu 1.3 hivi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe 5 kwa siku. Juu ya hayo una madini ya chuma na vitamini B12 za nyama, na likopini, ile rangi nyekundu ya nyanya, ambayo mwili huinyonya vizuri ikipikwa pamoja na mafuta.

Italia polpette huliwa kama sahani ya pili ya mlo, baada ya ile ya kwanza ya tambi au supu, na mboga au mkate. Kuyarundika juu ya tambi ni desturi ya wahamiaji wa Kiitaliano Marekani. Ukipenda hivyo, pima tambi kavu gramu 80, ongeza kalori 290, na mabonge yawe matatu.